Mlevi Huonywa, Mgonjwa Huagwa

14 Januari

Mdogo wangu,

Nakujulia hali wewe, mkeo na watoto, na zaidi ya wote mama. Mimi nipo, nakula, nalala, nafundisha. Mwambie mama dawa ya kuchua magoti haipakwi juu ya sketi, inapakwa kwenye goti. Namjua.

Gauni limefika. Kitambaa kizuri, kola nzuri, mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa sentimita moja na nusu. Nimepima. Ninalivaa hivyo hivyo, maana katika shule hii hakuna mtu anayeweza kutofautisha sentimita na ndizi.

Tumeletewa mwalimu mkuu mpya. Nilimfundisha mwenyewe zamani, alikaa dawati la tatu dirishani, na hadi anamaliza shule alikuwa anaamini robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Leo anaongoza walimu thelathini na mmoja. Siku ya kwanza alitukusanya akatuambia elimu ni safari. Nikamuuliza kituo cha mwisho kiko wapi, tushuke. Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Wanamwogopa, na yeye anaogopa wizara na wakaguzi. Hiyo ndiyo shule.

Nimemwomba anihamishie kidato cha pili chumba cha chini. Ngazi za jengo letu zilijengwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Amesema atafikiria. Kwa kuwa hajazoea, itachukua muda.

Likizo ya Aprili sitakuja nyumbani. Kazi ni nyingi. Usimpe mama sababu nyingine, maana hakuna nyingine.

Na uache kunipigia simu. Simu ni ya watu wanaosema kwanza halafu ndipo wafikiri. Ukiwa na neno, liandike.

Ni mimi dada yako.


9 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa mtoto wangu wa pili aliyeng'oka jino akalimeza, na sasa analisubiri. Mama anasema goti ni lake na atalipaka anavyotaka.

Mkono wa kushoto haukuwa mrefu. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na mbili, sita ya mwisho bila kugusa pombe kabisa, kama unavyojua, na kama unavyopenda kunikumbusha. Mtu akisimama ameegemea upande mmoja, mkono wa upande wa pili huonekana mrefu. Jiulize unaegemea wapi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Shemeji yangu, yaani wifi yako, mke wa binamu yetu, amenipigia. Binti yake si anasoma hapo kwako? Aliniambia nikae chini kwanza. Nikamwambia fundi cherehani huwa amekaa chini, aseme.

Anasema Jumanne moja saa tatu asubuhi ulishuka zile ngazi umekumbatia ukuta, ukafika kwenye maua mbele ya ofisi, ukatapika. Wiki iliyofuata uliacha chaki ubaoni ukakaa sakafuni mbele ya kidato cha pili, gauni na heshima zote, ukafumba macho. Watoto waliokuita Rula miaka yote hiyo sasa wanasema Rula imepinda. Walimu wanasema una kitu kwenye droo ya meza.

Dada, nilicheka. Nitakudanganya ya nini? Niliweka mkasi chini nikacheka mpaka mteja akahamisha kiti. Ni wewe uliyemwandikia mke wangu kurasa nne, ukamshauri afungashe vitu vyake aondoke kwa sababu mlevi ni shimo lisilojaa. Barua ile niliisoma. Nilikuwa nimelewa lakini niliisoma, mwandiko wako ni mzuri, hata mlevi anauona.

Karibu basi. Kama mtangulizi wako nakupa shauri moja: usitafune karafuu. Kila mtu anajua maana yake.

Ndugu yako, lile shimo.


21 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Natumai jino limeshapita salama. Mvua zimeanza, na paa la ofisi ya walimu linavuja juu ya meza ya mwalimu wa historia. Ameweka ndoo na kuendelea kusahihisha. Ndiyo historia yetu hiyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako haikuwa na swali. Ilikuwa na kicheko tu, na kicheko mtu hakijibu.

Huyo wifi mwambie binti yake amepata alama kumi na tisa kati ya mia. Akiweza kuhesabu mara nilizotapika, basi na ajitahidi kuhesabu na mengine.

Nimepewa barua ya onyo. Mwalimu mkuu aliniita, akafunga mlango, akainama karibu na uso wangu akavuta pumzi, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamelala. Kisha akanikabidhi karatasi. Imeandikwa kwamba "nimeonekana nikiwa katika hali ya kutokuwa katika hali". Nilitoa kalamu nyekundu hapo hapo, nikapigia mstari makosa saba, nikampa alama nne kati ya kumi na kumrudishia. Nilimwambia sitasaini kazi chafu, aiandike upya. Ameiandika upya. Mara ya pili alipata sita, nikasaini.

Ndiyo, nimesaini. Usiniulize zaidi. Mwalimu wetu wa ufundi ana barua nne kama hiyo, na bado anafundisha watoto kutengeneza viti ambavyo yeye mwenyewe hathubutu kuvikalia.

Msalimie mama. Mwambie kazi ni nyingi.

Dada yako.


4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, watoto hawajambo, jino lilipatikana, sitaeleza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu sikucheka tena. Dada, mimi nimelewa miaka kumi na moja. Katika ukoo huu wewe una shahada ya hesabu, mimi nina shahada ya ulevi, na sikuipata kwa kubebwa. Kwa hiyo nisikilize kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Mlevi hutapika usiku au alfajiri. Saa tatu asubuhi, ikiwa ameshafika kazini, anakuwa ameshapata glasi ya kuzimua na yuko imara kuliko mwalimu mkuu. Mlevi hashuki ngazi ameshika ukuta, hushuka kwa mwendo wa waziri, ndiyo maana huanguka. Na mlevi akipewa barua ya onyo, huapa, hulia, humtaja Mungu na watoto wake. Sijapata kuona mlevi aliyekaa kuhesabu makosa saba. Mimi zangu, enzi nashonea kiwandani, nilizisaini bila kusoma.

Halafu nikafanya jambo ulilonikataza. Jumapili nilikupigia. Ukapokea. Nikakuuliza umeamkaje, ukanijibu saa nne na robo. Nikasema mama anakusalimu, ukasema rangi yoyote mradi isiwe kijani. Kisha nikasikia simu inakwaruza, umeihamishia upande wa pili, na hapo ukanisikia, ukanitukana vizuri sana, hukukosea hata neno.

Sikio la kushoto, unaloweka simu siku zote, limekufa, Dada. Na kama limekufa, si bure. Unaumwa nini? Umekwenda kwa daktari? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Umesahau kumsalimia mtu yeyote upande huu, lakini nakusamehe kwa kuwa upande huu nipo peke yangu.

Usiniletee methali. Methali ni hesabu za watu wavivu, jibu limeandikwa tayari na hakuna anayeuliza njia. Na hiyo barua niliyomwandikia mkeo siirudishi nyuma. Siku niliyoiandika ilikuwa sahihi.

Kwa kuwa umeamua kuwa mpelelezi, haya. Nimekwenda kwa daktari wa masikio tangu Oktoba. Ni kijana, alikuwa anatafuna kitu nilipoingia na bado alikuwa anakitafuna nilipotoka. Anasema ndani kabisa ya sikio kuna maji, na yangu yamezidi. Yakijaa, sikio linavuma kama mashine ya kukoboa, na dunia inazunguka. Si kizunguzungu cha njaa unachokijua wewe. Ni chumba chenyewe kinakwenda. Hakiui, amesema hivyo kama anayenipa zawadi. Hakuna dawa ya kukimaliza, ipo ya kukituliza. Nipunguze chumvi, nipunguze chai, nipunguze hasira. Nilimuuliza hiyo ya tatu inauzwa duka gani.

Mara ya kwanza ilinikuta darasani. Nilikuwa nathibitisha jumla ya pembe za pembetatu. Ubao ukaanza kwenda upande wa dirisha. Nikashika ukingo wa ubao kwa mkono wa kushoto, nikafumba macho, na nikamaliza uthibitisho kwa kukumbuka, neno kwa neno, chaki haikuvunjika. Nilipofumbua macho pembetatu ilikuwa imeandikwa nusu ubaoni na nusu ukutani. Hakuna mtoto aliyeuliza. Wote walinakili, wengine na ukuta wakauchora. Ndio watu ninaoamka asubuhi kwa ajili yao.

Sasa utaniuliza kwa nini sisemi. Mwalimu wa jiografia alisema. Miaka mitatu iliyopita macho yalianza kufifia, akaenda ofisini kwa unyofu wake akaeleza. Walimwonea huruma sana. Walimwandalia sherehe, wakaimba, wakampa saa ya ukutani, mtu asiyeona, na mwezi uliofuata nyumba yake ya shule ilikuwa na pazia la mtu mwingine. Mwalimu wa ufundi analewa mpaka anausalimia mlango, na yupo. Mlevi huonywa, mgonjwa huagwa. Nimebakiwa na miaka minne nistaafu. Mume sina, alishatangulia, mtoto sina, nina hiki chumba chenye madirisha mawili na kidato cha pili. Wakitaka kuniita mlevi, waniite. Mlevi akiacha, wanampongeza. Mimi nitaacha kitu gani?

Hutamwambia mtu. Wala mkeo, wala mama.

Dada yako.


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Salamu zipokee, lakini leo nitazifupisha.

Mama amejua. Hapana, si hiyo uliyoniandikia. Amejua ile nyingine. Shemeji alikuja kumjulia hali Ijumaa, akakaa, akanywa chai, akamwaga. Mimi nilikuwa dukani. Niliporudi mama alikuwa amekaa kitandani ameelekea ukutani. Siku mbili hakusema neno. Goti hakulipaka. Siku ya tatu mke wangu alimpelekea uji, na mama akamwambia maneno haya, nakuandikia kama yalivyo: "Bora angekuwa mgonjwa. Mgonjwa ningemwendea. Mlevi nimeshalea mmoja, nguvu zimekwisha."

Nilikuwa mlangoni, nimeshika vikombe. Nikanyamaza, kwa sababu yako.

Sasa nikuambie langu, na sitalirudia. Ulinidharau miaka kumi na moja nilipokunywa. Ilikuwa haki yako. Ukanidharau na sita nilipoacha, kama vile nimeacha kwa bahati mbaya. Nikavumilia. Lakini hili la sasa limenishinda. Ulevi kwangu haukuwa mwavuli wa kujikinga na mwalimu mkuu. Mke wangu alinifungia stoo ya vitambaa siku tisa kwa ombi langu mwenyewe, na nilikuwa napiga mlango kwa kichwa. Nimeivua aibu ile pamoja na ngozi. Wewe umeiokota, ukaona inakutosha, ukaivaa kwenda kazini, na bado unanitazama kwa juu.

Wewe si mlevi, Dada. Hujastahili.

Mwambie mama ukweli na uiambie shule yako. Usipofanya, nitafanya mimi.

Mdogo wako.


27 Mei

Mdogo wangu,

Salamu.

Mama nimemwandikia. Ukimsomea usiruke mstari, na usitie sauti ya huruma.

Kamati ya nidhamu inakaa tarehe 14 Juni saa nne. Mwalimu mkuu ameiita kwa sababu mzazi amelalamika. Unaweza kukisia ni mzazi wa nani. Nimeshauliza utaratibu. Wataniuliza kama nakubali kosa. Nitasimama, nitakubali, nitaahidi halitatokea tena. Watanipeleka kwa mshauri, bila shaka mtu ambaye hata yeye nilimfundisha, tutaongea vikao vitano kuhusu utoto wangu, na muhula ujao nitakuwa darasani.

Ukitia mguu huku, mimi si dada yako tena. Hilo nalo liandike mahali.


21 Juni

Mdogo wangu,

Natumai ulifika salama na hukuwakuta watu wameugua. Mama amenijibu. Nusu ya barua ni magoti. Nusu nyingine sitaisema.

Ulikuja. Nilikukataza, ukaja. Sikukuona uso lakini niliona viatu karibu na mlango wakati nimelaza kichwa mezani, na kisigino kilichoshonwa upya kwa uzi wa kushonea jinzi kingekuwa cha nani mwingine?

Sikuandikii kukushukuru. Kuna kitu nahitaji. Tangu yule afisa elimu alipofungua kinywa, sikusikia chochote. Sikio lilikuwa linavuma, na la pili likafuata. Niliona midomo. Nikakisia swali, nikajibu nilichojiandaa kujibu, halafu meza ikaondoka.

Tangu siku hiyo watu wananitazama kwa upole. Mwalimu wa historia amenibebea madaftari. Mwalimu mkuu ameniletea kiti, akakifuta vumbi kwa leso yake. Siwezi kuvumilia. Ulisema nini mle ndani? Uliniuza kwa maneno gani? Niandikie yote, kwa mpangilio.

Dada.


3 Julai

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Mama amerudia kupaka goti, na sasa anapaka yote mawili ingawa linalouma ni moja.

Unataka kwa mpangilio. Haya.

Nilifika saa mbili, nikakaa kwenye benchi la korido pamoja na watoto wawili waliokuwa wamefukuzwa darasani. Mfukoni nilikuwa na karatasi, nimeandika kila kitu: Oktoba, daktari, maji, sikio. Nilikuja kukuuza, sitaficha. Afisa elimu alipofika, yule mama mfupi mwenye miwani ya kamba, aliniuliza mimi ni nani, nikasema ni ndugu, akasema ndugu akae karibu na mlango na asifungue kinywa mpaka aulizwe.

Ukaingia. Ulikaa umenyooka. Mwalimu mkuu akasoma mashtaka, na nikaona mdomo wako unachezacheza kila alipokosea sarufi. Mwakilishi wa wazazi, yule muuza saruji, alikuwa anaitikia kwa kichwa hata mahali pasipo na hoja. Halafu nikaona mkono wako wa kushoto umeshika ukingo wa meza kwa nguvu, na macho yako yanafuata kitu ukutani ambacho hakikuwepo. Mwalimu mkuu akamnong'oneza muuza saruji, nilimsikia, "Umeona? Hata leo."

Afisa elimu akavua miwani. Hakupaza sauti. Akakuuliza, "Mwalimu, wewe unaumwa?"

Ukasimama, Dada. Ukasimama kama mtoto aliyekariri shairi, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka korido: "Ndiyo. Nakubali mbele ya kamati hii. Hali hii ninayo tangu mwaka jana, na naahidi haitatokea tena."

Muuza saruji alitaka kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Mwalimu mkuu akasema, "Hajasikia swali." Afisa akamgeukia, "Naona. Na wewe umekaa naye tangu Januari hujaona?" Wewe ulikuwa bado umesimama, unangoja wakupe adhabu. Kisha ukakaa taratibu na kulaza kichwa mezani.

Afisa akanitazama mimi sasa. Akauliza kama dada yangu anakunywa. Nikasema hapana, mlevi wa nyumba yetu ni mimi na nimeacha, huyu hata soda huipima. Basi. Hayo tu ndiyo maneno yangu, yahesabu. Karatasi haikutoka mfukoni. Nilikuja kukuuza, ukanitangulia.

Akamuuliza mwalimu mkuu kama uliwahi kuomba nafuu yoyote. Akasema uliomba chumba cha chini. Lini? Januari. Kwa nini hukupewa? Akasema alikuwa bado anafikiria. Yule mama akaandika jibu hilo polepole sana, neno moja moja, na mwalimu mkuu akatazama kalamu inavyokwenda mpaka mwisho.

Nilibaki mlangoni hadi uliposhika kikombe cha maji mwenyewe. Kisha nikaondoka, maana ulisema si dada yangu tena, na sikutaka kukaa na mwanamke nisiyemjua.

Mdogo wako, kama bado.


18 Septemba

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote nyumbani. Usihesabu wiki nilizokaa kimya. Ningekuwa na haraka ningetumia simu.

Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikaenda kukaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miezi minane najificha kwa akili zangu zote, halafu najitangaza mwenyewe kwa sauti ya kufika korido. Mtoto wa kidato cha kwanza hafanyi kosa hilo: usijibu swali ulilolitaka, jibu swali ulilopewa. Nimelifundisha miaka ishirini na tisa. Nimejidharau kuliko nilivyowahi kukudharau wewe, na unajua ukubwa wa hilo.

Mambo yalikwenda hivi. Daktari aliandika ripoti, mistari sita, akakosea jina la shule. Kamati imefuta onyo. Wamenipa chumba cha chini, vipindi vya asubuhi tu, na nifundishe nimekaa. Desemba watapima tena. Wanaweza kunibakiza, wanaweza kuniaga, afisa elimu hakunificha. Nilimheshimu kwa hilo, na sikufurahia, sijazoea kumheshimu mtu kutoka wizarani. Mwalimu mkuu kila asubuhi anachungulia dirishani kuniuliza kama niko sawa. Nimemjibu kwamba swali lake lina maana mbili na aliandike vizuri.

Kufundisha nimekaa ni udhalilishaji. Nakaa pale kama muuza tiketi. Siandiki ubaoni, naita mtoto aandike nami nasema. Kuna msichana mmoja, mwaka mzima sikujua sauti yake, mwandiko wake wa tarakimu ni aibu kwa walioivumbua tarakimu. Nimemchagua yeye kwa sababu wengine wanapenda sana kuchaguliwa.

Jumatano iliyopita alikuwa ubaoni, tunatafuta thamani ya x, na kikaanza. Kwanza sikio, kisha dirisha. Zamani ningefumba macho niendelee. Sijui kilichoniingia. Niliweka kitabu mezani nikawaambia, "Sasa dunia inazunguka. Ni ugonjwa, si kitu kingine. Itachukua kama dakika kumi. Ngojeni." Nikalaza kichwa juu ya mikono.

Nilijua watakachofanya. Nimewafundisha watoto maisha yangu yote, najua wanachofanya mwalimu akifumba macho. Nilingoja kelele. Sikusikia, na nikafikiri ni kwa sababu sikio la pili nalo limekwenda. Nilipoinua uso walikuwa wamekaa, arobaini na wanne, kalamu chini, wananitazama. Msichana bado alikuwa amesimama ubaoni na chaki mkononi. Alikuwa hajakaa.

Akaniuliza, "Mwalimu, umerudi?"

Nikasema, "Nimerudi. Ulikuwa umekosea alama ya kutoa."

Akasema anajua, ameshaisahihisha. Nikatazama. Kweli, alikuwa ameisahihisha.

Usilifanye hili kuwa hadithi ya kumsimulia mkeo. Ni wajinga vile vile, mtihani wa Ijumaa umethibitisha. Ila walingoja.

Desemba, baada ya kikao chao, wakinibakiza au wakiniaga, nitakuja. Mwambie mama. Basi linaingia saa sita mchana. Njoo unipokee wewe mwenyewe, usimtume mtu. Usinishike mkono mbele ya watu kama unavusha kipofu, na usitembee mbele yangu kama kiongozi wa msafara. Tembea upande wa kulia, karibu. Nikiyumba, egemea kidogo, yeyote atakayetuona adhani ni wewe.

Dada yako.